Bega la Mama Pacha

Katika kazi yao ya kupaka rangi, Mama Pacha alikuwa mtu wa juu na mumewe alikuwa mtu wa chini. Waligawana hivyo tangu pacha wao wakiwa bado wananyonya, na sasa pacha wenyewe ni watu wazima, kila mmoja ana kwake. Dari, pembe za juu na madirisha marefu vilikuwa vya mke. Kuta kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, milango, kupiga msasa na kuosha brashi, hayo ya mume. Si kwamba Baba Pacha hakujua kupaka dari. Aliogopa kupanda, basi. Hata taa ikiungua nyumbani, kazi yake ilikuwa kushika kiti, na mkewe ndiye aliyesimama juu yake.

Mafundi wenzao walimtania, naye hakuona haya hata kidogo.

"Si wamesema aliye juu mngoje chini?" aliwajibu. "Basi mimi nangoja. Na chai yake nimeishika hapa."

Maneno hayakumwishia. Mwenye nyumba akija kugomba kwamba kazi inachelewa, Baba Pacha alimchekesha mpaka akasahau kilichomleta. Mama Pacha alizoea kusema ameolewa na redio isiyozimika, lakini alisema hivyo huku anatabasamu.

Siku ya ajali walikuwa kwenye ukumbi wa shule moja. Nusu ya dari ilikuwa imekwisha, inang'aa. Mwalimu Mkuu, mama mmoja aliyenyooka kama rula, aliingia kukagua. Alitembea taratibu, mikono nyuma, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaegemea ukuta ambao Baba Pacha alikuwa ametoka kuupaka sasa hivi. Aliondoka bila habari, doa jeupe limemkaa nyuma ya sketi.

Mama Pacha alikuwa anashuka ngazi, amebakiza vidato vichache. Mumewe akamnong'oneza:

"Mwache aende. Mkono wa kwanza wa rangi umekubali vizuri. Kesho akirudi tunampiga wa pili."

Mama Pacha akacheka. Alicheka kwa tumbo zima, macho yakajifumba, mguu ukakosa kidato. Mwili ukaenda chini, mkono wa kulia ukabaki juu umeng'ang'ania ngazi, na bega likavutwa huku na huku kama shuka inayokamuliwa na watu wawili. Kitu kikalia ndani yake. Alipofika chini hakupiga kelele. Alikaa sakafuni juu ya turubai lililojaa madoa ya rangi, uso umembadilika.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ndogo, "mkono wangu haupo mahali pake."

Hospitalini bega lilirudishwa. Picha ikaonyesha kwamba mifupa ni mizima, ila kano zimechanika kidogo. Mkono ukafungwa kwa kitambaa cha kuning'iniza shingoni, na daktari akasema usitoke humo mpaka atakapoamua yeye, na baada ya hapo ni mazoezi ya viungo.

Kuanzia siku hiyo Baba Pacha alifanya kila kitu. Alipika, alifua, alimfunga mkewe vifungo vya mgongoni, alimchana nywele. Mara ya kwanza alimchana kama anayepaka mlango, kutoka juu kwenda chini, mkono mzito usiogeuka nyuma, mpaka Mama Pacha machozi yakamtoka.

"Hizo ni nywele, mume wangu, si mbao."

"Samahani," alijibu.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kuona kuna jambo. Mumewe huyu anayemjua asingesema samahani tu akaishia hapo. Angeuliza kama apige msasa kwanza. Lakini hakuuliza. Nyumba ilikuwa kimya. Walikula kimya, wakanywa chai kimya, na jirani alipopita kuwajulia hali na kuuliza ilikuwaje, Baba Pacha aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kitambaa kilipofunguliwa, walikwenda kwenye chumba cha mazoezi. Kilikuwa chumba kirefu chenye kioo kikubwa upande mmoja, magodoro membamba, mipira, fimbo, na kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo juu ya mlango. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mmoja mfupi mwenye vidole vya chuma. Alitembea haraka, alisema haraka, lakini kila alichomwambia mgonjwa kilimalizikia na neno moja, taratibu, na wagonjwa walikuwa wakimwita hivyo hivyo, Dada Taratibu, mpaka na yeye akaanza kuitika.

"Mama, inua mkono kadiri unavyoweza. Taratibu."

Mama Pacha akainua. Yaani alidhani ameinua. Kwenye kioo aliona bega limepanda mpaka karibu na sikio, na mkono wenyewe umebaki palepale, unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Huo mkono wa nani?" aliuliza.

"Wako, mama. Umesahau kazi tu. Wewe si fundi? Niambie, mlango uliofungwa muda mrefu, bawaba zimeshika kutu, utaufungua kwa teke?"

"Nitang'oa fremu. Naweka mafuta, nautikisa kidogo kidogo."

"Basi umeshanifundisha kazi yangu. Mafuta yetu ni taulo la maji ya moto. Kutikisa ndiyo haya mazoezi."

Akamwinamisha juu ya meza, mkono mzima umeshika meza, ule mgonjwa umeachwa uning'inie na kubembea kama kengele isiyo na haraka. Kisha akamsimamisha mbele ya ukuta atembeze vidole kupanda juu, mmoja baada ya mwingine, kama buibui mzee. Vidole vilifika usawa wa kiuno, vikafika juu yake kidogo, vikagoma.

"Maumivu ya kuvutika yavumilie," Dada Taratibu alisema. "Yale ya kuchoma kama sindano, yakija tu, acha hapo hapo. Na usibane pumzi. Pumua, mama. Bega halipati hewa ukibana."

Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba wa mkewe juu ya magoti. Dada Taratibu akamgeukia.

"Na wewe, baba, mbona hata neno?"

"Niko hapa," alisema Baba Pacha.

"Binti yangu," Mama Pacha alisema bila kutoa macho ukutani, "huyo si mume wangu. Mume wangu tulimsahau kule ukumbini. Huyo wamenipa wa akiba."

Dada Taratibu alicheka. Baba Pacha alitazama sakafu.

Mazoezi yakaendelea, asubuhi na jioni nyumbani, na safari za kwenda kwa Dada Taratibu katikati. Mkono ulipanda, lakini ulipanda kama mtoto anayepelekwa kuoga. Mama Pacha hakuwa mtu wa kusubiri. Asubuhi moja mumewe alipokwenda kazini, aliingia bandani akatoa rola yenye mpini mrefu, akasimama mbele ya ukuta wa jikoni, akajaribu. Mara ya kwanza ilikwenda. Mara ya pili ilikwenda. Ya tatu sindano ikapita begani mpaka kwenye kiwiko, rola ikaanguka kwenye sufuria.

Dada Taratibu alipogusa bega alikunja uso.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilichukua sahani."

"Sahani gani?"

"Yenye mpini mrefu."

Hakugombezwa. Dada Taratibu alimrudisha tu kwenye mazoezi ya mwanzo, kuinamia meza na kubembea, kana kwamba miezi hii yote haikuwapo. Hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Aliinama, mkono ukabembea, na machozi yakaanza kudondoka mezani.

"Linauma?"

"Haliumi. Lakini mwanangu, mimi ndiye ninayepanda. Tangu ujana wangu. Nisipopanda, pale kazini mimi ni nani?"

Dada Taratibu alimwekea mkono mgongoni. Kwenye benchi, Baba Pacha alikuwa amesikia kila neno.

Kesho yake Mama Pacha aliporudi kutoka sokoni na jirani, alikuta chumbani kwao kunanuka rangi. Ukutani, pembeni mwa kabati, kulikuwa na mstari wa upana wa kiganja, unaoanzia kiunoni na kupanda juu. Haukuwa wa rangi moja. Baba Pacha alikuwa amefungua makopo yote ya mabaki kule bandani na kupaka kila rangi kipande chake, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe.

"Ni wa vidole vyako," alisema huku anafuta brashi. "Ule ukuta mweupe hauna njia. Mtu hajui ametoka wapi wala anakwenda wapi. Hii kahawia ya kuanzia ni ya geti la fundi magari. Hii kijani ni duka la dawa. Hii njano unaikumbuka? Yule mshona viatu aliyetaka nyumba nzima njano mpaka choo."

Alieleza polepole, bila mzaha hata mmoja. Mama Pacha alifuatisha rangi kwa macho mpaka juu kabisa, kwenye buluu ya chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Palikuwa juu kuliko kichwa chake, na kuliko mkono wa mumewe ukinyooshwa.

"Huku juu nani alikupakia?"

"Nilisimama kwenye kiti."

"Nani alikishika?"

"Hakuna."

Mama Pacha alimtazama. Akavua kanga begani, akaweka vidole kwenye geti la fundi magari, akaanza safari.

Kazi ile ya vidole ikawa na ladha. Mumewe akiingia jioni, Mama Pacha alimpa habari: "Leo nimetoka duka la dawa, nimepiga hodi kwa mshona viatu, hakufungua." Baba Pacha alitikisa kichwa, akasema vizuri, akaenda kupasha maji ya taulo. Midomo yake ilitaka kusema kitu, Mama Pacha aliona kabisa, lakini aliifunga.

Kuhusu ukumbi wa shule, Baba Pacha alikuwa amemwambia kwamba amepata fundi mmoja mrefu wa kumalizia dari. Mama Pacha hakuuliza zaidi, maana habari za dari zilimchoma. Lakini jioni moja mumewe aliinama kumfunga kamba ya kiatu, na kwenye nywele zake Mama Pacha akaona nukta nyeupe, ndogondogo, zimetapakaa kama unga. Yeye hizo alizijua. Anayepaka kuta huchafua viatu. Anayepaka dari huchafua kichwa.

"Yule fundi wako mrefu hajambo?"

"Hajambo."

"Mrefu kiasi gani?"

"Mrefu tu," alisema Baba Pacha, na fundo la kiatu likamshinda.

Siku iliyofuata Mama Pacha alimaliza mazoezi kwa Dada Taratibu, na badala ya kwenda nyumbani akapinda kuelekea shuleni. Mlango wa ukumbi ulikuwa umeachwa wazi. Ndani kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi mumewe, mkono mmoja umekumbatia kidato kama ndugu aliyepotea, mwingine unapaka. Magoti yalikuwa yakitetemeka mpaka ngazi ikawa inagonga sakafu. Midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anajisemesha.

Mama Pacha alitaka kupiga kelele. Akaizuia mdomoni. Alivua viatu, akatembea juu ya turubai bila sauti, akaikanyaga ngazi kwa mguu na kuishika kwa mkono wa kushoto. Halafu, polepole sana, akauinua na ule wa kulia, akaushika nao. Kugonga kukaacha.

"Usigeuke," alisema. "Ni mimi. Umebana pumzi. Pumua."

Brashi ilisimama hewani.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Kichwa chako. Pumua kwanza."

Baba Pacha alipumua. Mgongo wake ulishuka kidogo.

"Shuka tuzungumze," alisema mkewe.

"Nikishuka sitapanda tena. Zungumza nikiwa hapa hapa."

"Haya. Kwa nini hukutafuta fundi?"

Alichovya brashi, akaifuta pembeni mwa kopo, akapaka kipande kingine. Alipojibu, sauti yake iligonga dari na kurudi.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuangusha. Mimi na mdomo wangu. Ulikuwa unashuka salama, nikakuchekesha. Nilisema, mkono alioupoteza kwa sababu yangu, angalau dari yake niimalizie. Na huu mdomo nikaufunga."

"Wewe ndiye uliyeamua peke yako?"

"Ningemuuliza nani?"

"Mwenye bega!" Ngazi ikatikisika, naye akaituliza haraka. "Baba Pacha, nisikilize. Mguu wangu ulikuwa na haraka, na kidato kilikuwa na rangi mbichi niliyoidondosha mwenyewe. Nimeipanda ngazi hii nikiwa nacheka tangu siku ya kwanza. Unadhani nilikuwa napandaje? Nilipokuwa na mimba nilipanda nacheka. Tulipomzika baba yangu, wiki ile ile nilipanda, na wewe ukanichekesha huku nalia. Mkono nimepoteza nusu. Wewe umenipotezea na mume mzima."

Brashi ilidondosha tone moja, likaanguka kwenye paji la uso wa Mama Pacha. Hakulifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Sikujua," alisema Baba Pacha.

"Sasa unajua."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Paka pale kushoto, umeruka."

Alipaka pale kushoto. Kisha, bila kugeuka, Baba Pacha alisema:

"Mwalimu Mkuu siku hizi akiingia humu anatembea katikati kabisa ya ukumbi. Akisalimia, anasalimia kwa mbali. Jana kaniuliza kama na hewa nimeipaka."

Mama Pacha alianza kucheka, akajizuia.

"Usicheke," mumewe alisema juu. "Ukicheka wewe nitaanguka mimi."

Hapo ndipo alipocheka kweli, akakiegemeza kichwa chake kwenye ngazi na kucheka mpaka mbavu zikamuuma, na juu yake Baba Pacha akakumbatia kidato kwa mikono yote miwili, akicheka na kuomba Mungu kwa pamoja. Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni, akaona mafundi wake wawili, mmoja analia kwa kicheko na mwingine amefumba macho juu ya ngazi, akaurudisha mlango polepole.

Dari iliisha. Haikuwa kama angeipaka Mama Pacha. Kulikuwa na sehemu nzito na sehemu nyepesi, na Mama Pacha alizijua zote, hakumwambia mtu. Alisimama chini akielekeza, na jioni Baba Pacha aliwapigia wale pacha simu, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia baba yao amepanda. Hakuna aliyeamini.

Kwa Dada Taratibu, benchi la karibu na mlango likawa la kelele. Baba Pacha alihesabu pamoja na wagonjwa, alimshangilia mzee mmoja aliyekuwa akivuta kamba kama timu nzima iko uwanjani, na mara mbili alifukuzwa akangoje nje. Mama Pacha alihamia kwenye fimbo, kisha kwenye utepe wa mpira wa kuvuta, kisha kwenye vyuma vidogo vya kunyanyua. Kule chumbani mshona viatu alifungua mlango. Kwa daktari wa meno hakufika. Vidole vilisimama chini yake kidogo, vikakaa hapo.

"Hapa ndipo litakapoishia?" alimuuliza Dada Taratibu siku ya mwisho, mkono uko juu, umekaribia sikio bila kuligusa.

"Huenda likasogea tena mwakani ukiendelea. Huenda lisisogee. Sitakudanganya, mama. Kazi utafanya, lakini dari ya kutwa nzima, hapana. Uwe unalipumzisha bega."

Mama Pacha aliutazama mkono wake kwenye kioo, akaushusha, akaupandisha tena, kama anayepima kitambaa alichokwisha kukinunua.

"Umetosha," alisema. Kisha akamkumbatia Dada Taratibu kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, mpaka yule dada akasema taratibu.

Kazi waliyoipata baada ya hapo ilikuwa nyumba ya mkunga mmoja mstaafu, yenye ukuta mrefu unaopanda pamoja na ngazi za ndani. Safari hii walikodi jukwaa, lile la mabomba lenye mbao pana na reli ya kushika, watu wawili wanaweza kusimama juu yake bila kusukumana. Walipanda pamoja. Baba Pacha alishika reli, rangi imemtoka usoni kidogo, lakini alisimama. Mama Pacha alipaka kipande, akapumzisha bega, mumewe akapaka kipande, naye akapumzisha magoti.

Mkunga alitoka jikoni na sinia la chai, akasimama chini akiwatazama. Walikuwa wanabishana kama ile rangi ni ya maziwa au ya pembe za ndovu, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

"Mafundi," mkunga aliita, "hii kazi itaisha lini?"

"Muulize huyu," walisema wote wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa brashi.